Mapambo ya Krismasi ya unga na chumvi: yasipasuke, yasivimbe, yasitoe maji

Unga wa ngano, chumvi na maji vinatosha kumpa mtoto nyota, malaika, samaki na kengele za kutundika kwenye mti. Familia inayosherehekea Idi hutumia donge lilelile kutengeneza mwezi na nyota za mlangoni. Kazi ni rahisi, lakini huharibika kwa njia zinazojulikana: vipande vinapasuka, vinavimba kama maandazi, vinapinda kama kigae cha paa, au vinapendeza Desemba halafu Machi vinakutwa vimelowa ndani ya boksi. Karibu yote hayo yanasababishwa na maji. Yanazidi kwenye donge, au yanatolewa kwa pupa, au yanarudi baada ya kutolewa.

Tumia kikombe kimoja kupimia kila kitu: unga vikombe 2, chumvi kikombe 1, na maji robo tatu ya kikombe kwa kuanzia. Kwa kikombe cha mililita 250 hiyo ni kama gramu 280 za unga na gramu 290 za chumvi. Kwa mizani vinakaribia kulingana, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo ya chumvi haitoshi kutengeneza donge la pili. Ukisukuma kwa unene wa milimita 5, utapata vipande 40 hivi vya upana wa sentimita 5. Kwa mtoto mmoja nusu ya kiasi hicho inatosha kabisa.

Unga uwe wa ngano wa kawaida, ule wa chapati. Unga unaoumuka wenyewe haufai, kwa sababu ukipata joto nyota inageuka kuwa mto. Unga wa mahindi nao hauna mnato wa ngano, donge linamomonyoka mikononi. Unga wa ngano wa brauni unakubali, ila unataka maji zaidi kidogo na uso wake unabaki na mikwaruzo.

Kwenye chumvi nakushauri uwe mkali. Mililita 100 za maji huyeyusha kama gramu 36 tu za chumvi, na kuyachemsha hakubadilishi mengi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya chumvi yako itabaki punje ndani ya donge mpaka mwisho. Punje zikiwa kubwa, kila moja ni mwanzo wa ufa, na uso wa pambo unakuwa kama msasa hata ukipaka rangi mara tatu. Tafuta chumvi laini ya mezani. Kama iliyopo ni chumvi ya mawe, itwange kwenye kinu au isage kwenye blenda ikiwa kavu kabisa, kisha ichekeche. Pia chumvi ya bahari ambayo haijasafishwa vizuri huwa na magnesi ndani yake, na magnesi hunyonya unyevu wa hewa haraka kuliko chumvi safi. Kwa anayeishi pwani hilo ni tatizo la kweli, nitalirudia.

Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu, ndipo utie maji kidogo kidogo huku mtoto akikoroga. Kanda kwa dakika 10 kamili. Hapo ndipo watoto wanapofurahi zaidi, na ndipo watu wazima wanapokatisha kazi mapema. Donge lililokandwa dakika 3 lina mabaka ya unga mkavu ndani, na mabaka hayo ndiyo yatakayopasuka. Kujua kama limekuwa tayari, chukua kipande cha ukubwa wa limau, kiviringe, kisha kibonyeze katikati kwa kidole gumba. Kingo zikichanika, donge ni kavu: lowesha viganja tu na uendelee kukanda, usimimine maji. Kidole kikitoka na donge lililong'ang'ania, nyunyiza kijiko kimoja cha unga. Donge zuri lina ubichi kama wa udongo wa mfinyanzi, ni gumu kidogo kuliko la chapati, na ukilivuta linakatika badala ya kurefuka.

Lifunge kwenye mfuko wa plastiki lipumzike dakika 20, kisha utoe kiasi unachotumia na kuacha lililobaki limefungwa. Usililaze hadi kesho. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye unga, asubuhi unakuta donge limelowa na kunata.

Kabla ya mikono kuingia, kagua vidole vya watoto. Mwenye kidonda au mkwaruzo avae plasta, kwa sababu chumvi itamchoma na siku yake itaishia hapo. Na donge hili lisionjwe. Kijiko cha chai kimoja tu kina karibu gramu 2 na nusu za chumvi, nusu ya ile gramu 5 ambayo Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asiizidi kwa siku nzima. Unga mbichi nao unaweza kuwa na vijidudu. Mtoto wa chini ya miaka 3 akae na mtu wa kumwangalia yeye peke yake. Mabaki usiwatupie kuku wala mbwa: chumvi nyingi namna hiyo inaweza kuwaua. Na usiyasukumie kwenye bomba la sinki, yanaziba.

Sukuma donge moja kwa moja juu ya karatasi ya kuokea au karatasi ya kaki. Ukisukuma kwenye kibao kisha ukahamisha vipande, nyota inavutika mguu mmoja. Unene ndio unaoamua mengi: chini ya milimita 4 pambo linavunjika kwenye tundu, juu ya milimita 8 nje inakauka huku ndani kukiwa kubichi. Njia rahisi ya kumsaidia mtoto ni kuweka penseli mbili, moja kila upande wa donge, ili kifimbo cha chapati kipite juu yake. Unene unakuwa mmoja bila kupima.

Kama huna vikatio vya biskuti, mdomo wa glasi na kifuniko cha chupa vinatosha. Vikatio vya bati vioshwe na kukaushwa saa hiyohiyo, kwani chumvi inavitia kutu. Mtoto wa miaka mitatu au minne apewe kazi ya kubonyeza: jani la mwarobaini lenye mishipa migumu, kombe la baharini, kipande cha leso yenye nakshi. Wa miaka sita na kuendelea akate maumbo. Anayetaka kubandika jicho au bawa achanjechanje sehemu zote mbili kwa uma, apake maji kwa ncha ya kidole, kisha abonyeze. Bila mchanjo huo, bawa litadondoka likishakauka.

Tundu litobolewe sasa, kabla ya kukausha, kwa mrija wa soda, sentimita 1 kutoka ukingoni. Zungusha mrija unapoutoa. Usichomeke waya wa chuma ndani ya donge: utashika kutu na kuacha duara la kahawia ambalo rangi haifichi. Uzi wa katani au utepe upitishwe mwisho.

Upana wa pambo uuamue kwa kuangalia mti wako. Wengi pwani hutumia tawi la mvinje, na vijitawi vyake ni vyembamba. Pambo la sentimita 5 lina uzito wa gramu 10 hivi likikauka, mvinje unalibeba. La sentimita 8 linakaribia gramu 30, kijitawi kinainama mpaka chini. Hilo litundike kwenye msaiprasi au dirishani.

Kukausha ndiko kunakotaka subira. Kwenye oveni, nyuzi 100 hadi 110 za Selsiasi, saa 2 na nusu hadi 3, ukigeuza vipande baada ya saa moja ya kwanza na kila nusu saa baadaye. Ukipandisha hadi 180 ili uwahi, maji yaliyo ndani yanageuka mvuke kabla hayajapata njia, ndiyo malengelenge hayo. Ukisahau kugeuza, upande wa juu unakauka na kusinyaa kabla ya wa chini, pambo linapinda. Lililoanza kupinda na bado ni laini liwekee trei nyingine juu. Vipande visilale moja kwa moja kwenye trei ya alumini, chumvi inaitoboa vidoto; weka karatasi.

Jiko la mkaa linawezekana kwa wanaooka keki hivyo, yaani sufuria nene yenye mchanga mkavu chini na sahani juu yake, lakini makaa yawe yaliyobaki baada ya kupika, machache, na mfuniko uachwe wazi kidogo ili mvuke utoke. Fanyia nje.

Kwa jua, panga siku 3 hadi 4. Weka vipande kivulini siku ya kwanza mchana kutwa, kwa sababu jua kali la Desemba likipiga donge bichi linapasua uso wake ndani ya saa chache. Kuanzia siku ya pili vihamishie kwenye ungo ili hewa ipite chini, uvitoe juani na kuvigeuza asubuhi na mchana. Viingize ndani kabla ya magharibi, na usivifungie kwenye kopo vikiwa bado na unyevu.

Usiamini macho kujua kama pambo limekauka. Liweke shavuni: lenye maji ndani linahisi ubaridi, kwa sababu maji yanaendelea kutoka. Ligonge mezani taratibu: kavu linalia kama kigae, bichi linatoa sauti ya kiatu cha mpira. Bonyeza ukucha mgongoni. Ukiacha alama, lirudishe. Ufa mdogo unazibika kwa uji mzito wa unga, chumvi na maji, unakausha tena, kisha unapitisha msasa laini.

Rangi ya akriliki ndiyo bora. Rangi za maji za shuleni huchukua maji mengi na kulainisha uso, kwa hiyo brashi iwe karibu kavu na rangi iwe nzito. Manjano ya jikoni yaliyochanganywa kwenye donge yanatoa njano nzuri sana, ila hupauka juani.

Sasa vanishi. Chumvi huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, na usiku wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja mara nyingi hupita hapo. Pambo lisilofungwa linatoa matone ya maji, linalainika, linadondoka na kuacha kitanzi cha uzi mtini. Gundi nyeupe ya shule haizuii, kwa kuwa nyingi hulainika zikipata maji. Paka vanishi angavu ya mbao, tabaka 2 au 3, mbele, nyuma, ukingoni na hasa ndani ya tundu kwa kijiti, na kila tabaka likauke usiku mzima. Kazi hii ni ya mtu mzima, nje, mbali na moto. Kwa vipande vichache, rangi ya kucha isiyo na rangi inafanya kazi ileile. Anayeishi bara kwenye hewa kavu anaweza kuridhika na tabaka moja.

Sikukuu ikiisha, funga kila kipande kwa karatasi ya gazeti na uvipange kwenye kopo la bati au plastiki lenye mfuniko unaobana, si boksi la karatasi, maana unga ni chakula cha mende na panya hata ukiwa na chumvi. Weka ndani kimfuko cha kitambaa chenye mchele mkavu wa kikombe kimoja, na ukiwa pwani kibadilishe masika yakianza.