Mbwa Anayelipwa kwa Kubweka: Maswali ya Wasomaji wa Tanga

Barua za mwezi huu zimetoka Tanga mjini, na nyingi zinaomba adhabu: tumpige vipi, tumfunge wapi, tumpake nini aache. Kabla ya adhabu tunamuuliza kila mwenye mbwa jambo moja: akifanya hivyo, anapata nini? Mbwa harudii jambo lisilomlipa. Ukiyajua malipo yake, nusu ya kazi imekwisha.

Anaitikia adhana, kisha anabwekea waumini

*Asalaam aleikum. Tunakaa Ngamiani, nyumba zimebanana. Mbwa wetu ni dume la miaka miwili, koko aliyechanganyika. Mchana yuko kwenye mnyororo chini ya mwembe, usiku tunamwachia alinde. Adhana ya alfajiri ikianza anavuta sauti mpaka iishe, kisha anambwekea kila anayepita kwenda msikitini. Mzee jirani ameshakuja kulalamika. Mume wangu humwagia maji kupitia dirishani, mimi humfokea. Kuna dawa? (Mama wa Ngamiani)*

Waleikum salaam, mama. Una matatizo mawili yaliyofuatana, na kila moja lina dawa yake.

Kuvuta sauti wakati wa adhana si ukorofi, wala si uchuro kama watu wanavyosema. Mbwa akisikia sauti ndefu iliyovutwa huitikia kwa kuvuta ya kwake. Ndivyo mbwa wanavyoitana wakiwa mbalimbali. Kumbwekea mpita njia ni jambo lingine kabisa. Yule mtu alikuwa anapita tu, ila mbwa anaona hivi: nimebweka, ameondoka. Kila alfajiri analipwa mara thelathini, arobaini, kwa idadi ya waumini. Huwezi kushindana na mshahara huo kwa ndoo ya maji. Maji yale yanamfundisha kuliogopa dirisha, basi. Na kumfokea, kwake yeye, ni kuungana naye.

Anza na adhana. Ya alfajiri ni moja kati ya tano, na nne zilizobaki zinakukuta uko macho. Hizo ndizo darasa. Dakika tano kabla ya Adhuhuri mwingize chumba cha nyuma kabisa, funga madirisha. Sauti ya kwanza ikisikika tu, anza kumpa vipande vidogo vya chakula kimoja kimoja, kila baada ya sekunde tatu hivi, mpaka adhana iishe. Ikiisha, na vipande viishe. Asipate hata kimoja kabla wala baada, maana tunataka aone kwamba sauti ile ndiyo inayoleta chakula. Adhana ya dakika tatu itakula vipande kama 60, kila kimoja kisizidi ukubwa wa harage. Vyote pamoja havizidi kiganja, lakini vipunguze kwenye chakula chake cha jioni.

Ini la ng'ombe lililochemshwa bila chumvi ndilo bora. Dagaa wanafaa pia, ila hawa wetu wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke nusu saa, mwaga maji, kisha waloweke tena. Usitumie mabaki ya mchuzi. Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa.

Akipitisha adhana tatu mfululizo bila kuvuta sauti, fungua dirisha. Tatu nyingine, mtoe uani. Kisha sogea hatua kwa hatua kuelekea getini. Siku akivuta sauti, usimgombeze: umesogea upesi mno, rudi hatua moja. Alfajiri iwe ya mwisho kuijaribu. Na kama hutaki kumsikilizisha mbwa sauti ya adhana kwenye simu, kama tunavyosikia wengine wakifanya, huna haja nayo. Ya msikiti wenu inatosha.

Sasa wapita njia. Usimwachie getini wakati ule. Saa 10:30 alfajiri mhamishie ua wa nyuma, akae huko mpaka saa 12. Huna cha kuhofia: mwizi hachagui saa ambayo njia imejaa watu. Mwagie nusu ya chakula cha siku mchangani, kikiwa kikavu na kimetawanyika, atafute kwa pua. Kunusa kunamchosha na kumtuliza kuliko kukimbia. Wengine humpa kifuu cha nazi kilichojazwa ugali. Hapana. Kifuu kikipasuka kina ncha zinazochana fizi na koo, na nyuzi za makumbi akizimeza zinaweza kuziba utumbo.

Akibweka huko nyuma akitaka afunguliwe, usimwendee. Subiri anyamaze, hesabu hadi 10, ndipo ufungue. Siku za mwanzo kelele zitazidi kabla ya kupungua, kwa sababu anajaribu kwa nguvu zaidi kile kilichokuwa kinafanya kazi. Hapo ndipo watu wengi hushindwa, humfungulia akiwa katikati ya kelele, na kumfundisha kwamba anatakiwa kubweka kwa muda mrefu zaidi. Mwendee mzee jirani mapema umweleze, ili asidhani mmempuuza. Getini ziba kwa makuti au mabati mpaka kimo cha mita moja na nusu. Asichokiona hakimchochei sana.

La mwisho ni mnyororo. Mbwa aliyefungwa hawezi kumsogelea anayemtia shaka wala kumkimbia, amebakiwa na kelele na meno. Saa kumi na mbili za hivyo kila siku huzaa mbwa mkali kwa watu wote, wa nyumbani wakiwemo. Mchana mweke kwenye ua uliofungwa au banda lenye kivuli na maji, na mtembeze nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa kamba. Kama ua hauna ukuta na hamna namna, tandika waya wa mita nane kati ya nguzo mbili, kamba yake iwe na pete inayoteleza kwenye waya. Walau atatembea.

Amenguruma, amepigwa, sasa anauma kimyakimya

*Habari za kazi. Jike letu la miaka mitatu lilikuwa linanguruma mwanangu wa miaka mitano akipita karibu na sahani yake. Baba yake alilipiga mpaka likaacha kunguruma. Wiki hii limemrukia mtoto bila kunguruma, meno yamegusa mkono, damu haikutoka ila kuna mkwaruzo. Niliambiwa niwe naingiza mkono kwenye sahani lizoee. Chanjo sikumbuki. (Mama Chumbageni)*

Mama, tuanze na mkono wa mtoto. Mkwaruzo wa jino la mbwa ambaye chanjo yake haijulikani unahesabiwa kama jeraha, damu itoke isitoke. Usipake mafuta ya taa wala majivu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, ukitazama saa, kisha mpeleke hospitali leo hii, hata kama siku zimepita. Huko wataamua kuhusu sindano za kichaa cha mbwa, na akianzishiwa azimalize zote. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Ukiwahiwa kabla ya dalili, unazuilika. Mbwa asiuawe wala asiachiwe: mfungie mahali salama kwa siku 10 na umjulishe daktari wa mifugo wa wilaya. Akibadilika, akikataa maji, akilegea taya, akitokwa mate au akifa, rudi hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie. Akiwa mzima baada ya siku hizo, achanjwe. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kadi yake itunze pamoja na vyeti vya watoto.

Tunamwambia na baba, bila kumvunjia heshima: kunguruma ndiko kulikokuwa kunamlinda mtoto. Ni mbwa kusema "usisogee" kabla ya kutumia meno. Fimbo haikuondoa hofu ya kunyang'anywa chakula, imeondoa onyo tu. Sasa mna mbwa yule yule, hana honi. Na mkono kwenye sahani ni hivyo hivyo: unamthibitishia kwamba watu wakija, chakula kinaingiliwa.

Kuanzia leo anakula nyuma ya mlango uliofungwa au ndani ya banda, na sahani inaondolewa yeye akiwa ametoka. Hilo si la muda, ni la maisha, hata akitulia. Mifupa asipewe mahali mtoto anapopita. Mtoto asihusishwe na mafunzo haya kwa namna yoyote, na asibaki na mbwa peke yake hata dakika ya kwenda jikoni.

Mafunzo yafanywe na mtu mzima mmoja, ambaye mbwa hajawahi kumngurumia. Mpe ugali wa kawaida, simama hatua sita mbali. Pita, mrushie kipande cha nyama karibu na sahani, endelea na safari yako bila kusimama. Mara kumi kwa mlo. Mbwa akianza kuinua kichwa na kukutazama kwa mwili laini, mkia ukiyumba, mlo unaofuata punguza nusu hatua. Ukiona mwili umeganda, anakula kwa pupa kuliko kawaida, kichwa kimeshuka juu ya sahani, au weupe wa jicho umetokeza pembeni, umefika karibu kuliko anavyostahimili. Rudi nyuma hatua mbili. Wiki tatu au nne ni kawaida, na msimamishe kabisa mafunzo siku atakaporusha meno. Lengo ni mtu mzima aweze kupita kando ya sahani kwa usalama. Kumshika akiwa anakula si lengo, wala halina faida.

Apimwe pia. Jino bovu, sikio lenye usaha au homa inayoletwa na kupe, ambayo haikosekani pwani hii, humfanya mbwa mpole awe mkali. Ukali unaoibuka ghafla kwa mbwa aliyekuwa mtulivu uhesabu kuwa ugonjwa mpaka daktari aseme sivyo.

Anarukia wageni

*Mbwa wetu mchanga, miezi minane, kila mgeni anamrukia kifuani. Ijumaa amemchafulia babu kanzu akielekea msikitini. Tunamsukuma, hasikii. (Msomaji, Raskazone)*

Kumsukuma ni mchezo, na kumtazama ni malipo. Mgeni akibisha hodi, mbwa afungwe kwanza kamba fupi kwenye nguzo ya baraza, mlango ufunguliwe baadaye. Mwambie "kaa", makalio yakigusa chini, mpe kipande na mgeni asogee hatua moja. Akinyanyuka, mgeni arudi nyuma hatua moja bila neno. Watu wa nyumbani wafuate hivyo hivyo, wote. Kijana mmoja akiendelea kumfurahia akimrukia, mmepoteza kazi, kwa sababu malipo ya mara moja moja ndiyo hushika zaidi.

Kuhusu babu: Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa yakigusa nguo ni kuosha mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Si haki kumtwisha mzee kazi hiyo kila Ijumaa. Mpaka mbwa ajue kukaa, wageni wa sala wapitishwe mlango mwingine, na ndoo, sahani na kitambaa cha mbwa viwe vyake peke yake.

Kumhasi kutaondoa ukali?

*Jirani ananiambia nimhasi dume langu litulie, mwingine anasema halitalinda tena. (Bwana wa Makorora)*

Wote wawili wametia chumvi, bwana. Kuhasi hupunguza kuzurura kutafuta majike, kupandapanda na kukojolea kila nguzo, na huzuia watoto msioweza kuwalisha. Ukali unaotokana na woga hauondoki, na mara nyingine huzidi. Kubwekea mgeni usiku kunabaki. Kama tatizo lako ni kwamba anatoroka na kurudi na majeraha, mhasi. Kama anauma watu kwa kuogopa, tafuta kwanza kinachomtisha.

Anaua kuku

*Wameniambia nimfunge kuku aliyekufa shingoni wiki nzima, au nimtie yai la moto mdomoni. (Msomaji, Mikanjuni)*

Usifanye lolote kati ya hayo. Mzoga unaooza shingoni huleta nzi na vidonda, na mbwa hawezi kuunganisha harufu ya leo na kuku wa juzi. Yai la moto humuunguza ulimi, akawa anaiogopa mikono yako.

Kumkimbiza kuku kunajilipa kwenyewe, hata tumbo likiwa limejaa, kwa hiyo kila kuku anayemkimbia ni somo unalolipoteza. Kwanza kuku wafungiwe, au mbwa. Kisha kila siku dakika kumi: mbwa kwenye kamba ya mita tano, kuku ndani ya tenga umbali wa mita ishirini. Akimtazama kuku kisha akageuza macho kwako, sema "safi" papo hapo na umpe ini. Asipoweza kugeuka, sogea mbali zaidi. Ukipata mara kumi mfululizo, punguza mita mbili. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu akilelewa hivi huishi na kuku bila shida. Mbwa mzima aliyekwisha kuua kadhaa atajifunza kutulia ukiwepo. Ukiondoka, mlango wa banda la kuku uwe na komeo, na waya wake uzikwe chini sentimita 30, maana atachimba.