Unapomuuguza Mwenye Saratani ya Ubongo

Watu wanaokuja kukupa pole huuliza kama mgonjwa anakula na kama ana maumivu. Nilipokuwa namuuguza kaka yangu, hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa kwamba mtu mpole niliyekua naye alianza kunifokea kwa ajili ya taulo, kisha baada ya muda mfupi ananiuliza mbona nimenuna.

Uvimbe wake, glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo, ulikuwa sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosimamia subira, tabia na maamuzi. Daktari alitueleza habari za upasuaji, mionzi na vidonge vya saratani vya temozolomaidi. Habari za hasira tulielezwa na muuguzi, tena kwenye korido. Kwa hiyo msiondoke hospitalini kabla hamjaambiwa ni nani hasa wa kumpigia simu kwa maswali yasiyo ya dharura. Namba hiyo itawafaa kuliko vipeperushi vyote mtakavyopewa.

Hasira nyingine hutoka kwenye dawa. Deksamethasoni hupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, na nafuu yake huonekana haraka, lakini huleta njaa isiyoshiba, sukari kupanda, usiku wa kukesha na ukali. Muulizeni daktari kama dozi inaweza kumezwa mapema mchana ili usiku mgonjwa alale. Msiikatize ghafla hata kama mmeichoka. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Levetirasetamu, dawa ya kifafa wanayopewa wengi, nayo huweza kumfanya mtu awe mwepesi wa kukasirika. Mwambieni daktari mnachokiona, maana dawa za kifafa ziko za aina nyingi.

Kifafa chenyewe kinatisha, na kila mtu nyumbani, watoto wakiwemo, ajue la kufanya. Mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie chochote mdomoni, wala msimkandamize. Mmoja atazame saa. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, iteni huduma ya dharura.

Sasa lile ambalo familia nyingi hulikwepa. Saratani hii huweza kumchukua mtu maneno yake kabla ya kuchukua uhai wake. Mambo ya fedha, hati ya uwakili (ya kumpa mtu mamlaka ya kuamua kwa niaba yake), matibabu anayoyataka na asiyoyataka, yote yazungumzwe mapema, yeye mwenyewe akiwa msemaji. Kaka alituandikia akiwa bado na nguvu ya mkono. Maneno yalipoanza kumpotea, karatasi ile ilituepusha na mabishano ya ndugu ambayo, kwa jinsi ninavyoijua familia yetu, yangekuwa makali.

Tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, pia iombeni mapema. Wazee wetu walisikia jina hilo wakadhani tumekata tamaa. La hasha. Huenda sambamba na mionzi. Hushughulikia maumivu, kichefuchefu, usingizi na hofu, na anayeuguza naye hupata wa kumsikiliza.

Kuhusu MRI, kipimo cha kupiga picha za ubongo: picha za miezi ya kwanza baada ya mionzi huweza kuonyesha kama uvimbe umekua, kumbe ni ubongo unaitikia mionzi. Ulizeni hilo kabla hamjaanza kulia.

Vyama vya wagonjwa vipo. American Brain Tumor Association, kilichoanza 1973, na The Brain Tumour Charity cha Uingereza vina maelezo ya bure kwenye intaneti, mengi kwa Kiingereza. International Brain Tumour Alliance huunganisha vyama vya nchi mbalimbali, hivyo ni pa kuanzia kutafuta cha karibu nanyi. Kwenye makundi ya mtandaoni nilipata watu waliojua ninachosema kabla sijamaliza sentensi. Humo humo wamo wauza dawa za miujiza. Anayekwambia uache tiba ya hospitali ununue chupa yake, mtoe.

Na wale ndugu wa "ukihitaji chochote niambie", wapeni kazi yenye siku na saa. Mmoja akae na mgonjwa Jumamosi mchana, mwingine afuatilie dawa, mwingine ajibu simu za ukoo. Saa hizo wewe lala. Ukienda kwa daktari kwa shida zako mwenyewe, mwambie kwamba unauguza mtu nyumbani. Ataipima presha yako na kukuuliza unavyolala akilijua hilo.