Maili za safari za Guangzhou: kusanya kapu moja

Dada, nimekuelewa: unaenda Guangzhou kufuata mzigo mara 4 kwa mwaka, leo kupitia Addis Ababa, kesho Dubai, keshokutwa Doha, na kila akaunti ina vimaili (zile pointi shirika la ndege linakupa kila ukisafiri) visivyonunua hata tiketi ya Zanzibar.

Chagua moja. Mimi ningekaa na Ethiopian, kwa sababu tangu 2011 wako Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, hivyo hata ukipanda Turkish au Air China unaweza kuingiza maili kwenye ShebaMiles, akaunti ya maili ya Ethiopian. Na kwa mfanyabiashara, faida kubwa si tiketi ya bure, ni daraja la uanachama. Ukifika daraja la Gold unaongezewa kilo 20 za mzigo, au begi moja zaidi pale wanapohesabu mabegi. Piga hesabu hizo kilo ungezilipia shilingi ngapi!

Kabla ya kulipa, muulize wakala tiketi ni ya daraja gani la nauli. Zile za bei ya chini kabisa huingiza maili chache, nyingine haziingizi kitu.

Jina kwenye akaunti lifanane na pasipoti, herufi kwa herufi. Mimi niliandika majina mawili, pasipoti ina matatu. Safari nzima haikuingia. Nilikuwa nimetunza vile vipande vya kupandia ndege, ndivyo vilivyoniokoa nilipodai.

Usiuze maili kwa madalali wa WhatsApp, akaunti inafungwa. Tena angalia tarehe ya kuisha kwa maili zako leo hii, kabla hujalala.