Wainjilisti wako Goma, kamati iko Dodoma

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji, shikamoo. Mimi ni katibu wa huduma ndogo ya uinjilisti hapa Dodoma, ofisi yetu iko Area C. Kwa miaka sasa tunasaidia wainjilisti walioko Goma, Kongo, pamoja na darasa la ushonaji la akina mama waliokimbia vijiji vyao. Tangu waasi wa M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025 mambo yamevurugika, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na akina mama wengi wametawanyika. Kamati yetu haielewani kabisa. Kuna wanaosema tusitishe hela kwanza maana risiti haziji, wengine wanataka tuwaamuru wainjilisti watoke waje Tanzania, na mwenyekiti anataka tutoe tamko la kulaani waasi kwenye ukurasa wetu. Tufanyeje baba?
Katibu, Dodoma

JIBU: Amina, marahaba mwanangu. Pole sana na mzigo huo.

Naanza na tamko maana ndo lenye haraka: msilitoe. Namheshimu mwenyekiti wenu na uchungu wake naujua, hata wanajeshi wetu wa Tanzania waliokuwa kule na kikosi cha SADC wengine walirudi kwenye majeneza. Lakini ninyi mko Area C, jioni mnapata chai yenu mnalala, mwinjilisti wenu anapita kwenye kizuizi chenye watu wenye bunduki na simu iko mfukoni. Wakiifungua wakakuta grupu lenye jina la huduma yenu, tamko lenu analijibia yeye. Na picha mlizokwisha kuweka za akina mama wakiwa kwenye cherehani, sura zinaonekana na mtaa umetajwa, naomba mzitoe leo hii, msisubiri kikao.

Simaanishi kanisa linyamaze. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda hakunyamaza, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu, na tarehe 16 Februari 1977 akauawa, serikali ikatangaza eti ni ajali ya gari. Ila angalia, Luwum alikuwa Kampala na jina aliloliweka kwenye ile barua ni lake. Ninyi mkiandika kutoka huku mnaweka shingo ya mwenzenu. Wakisema wenyewe wa Goma kwamba wakati umefika wa kupaza sauti, na wakawaomba msimame nao, hapo sawa, simameni.

Kuhusu hela, jamani, kusitisha ndo kosa kubwa kuliko yote. Mwinjilisti ana watoto, vita haijamwondolea ada wala unga, na watu wa mtaa wakiwa na njaa mlango wanaogonga ni wa mchungaji. Februari ile ile 2025 wakimbizi wa kwenye kambi za Bulengo na Lushagala pale nje ya Goma waliambiwa waondoke warudi vijijini kwao, sasa fikiria mama ana mtoto mgongoni, sufuria kichwani, kijiji anachoambiwa arudi nyumba ilishachomwa, ataenda kwa nani kama sio kanisani? Kwa hiyo tumeni, ila badilisheni namna. Tumeni kidogo kidogo kwa njia ya simu, msirundike mzigo wote kwenye laini ya mtu mmoja maana akiibiwa au akikamatwa kazi yote imesimama, wawe hata watatu wasiokaa nyumba moja. Risiti msing'ang'anie. Daftari la kawaida linatosha, waandike tarehe, kiasi, kimetumika nini, na watu wawili wasaini, basi. Tena hata majina ya waliosaidiwa yasiandikwe kama yanaweza kuwaponza. Mweka hazina wenu atasema huo sio utaratibu, mwambieni kwa upole kwamba utaratibu wake ulitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye benki iliyo wazi.

Na la kuwaamuru watoke. Hapa ndo nina neno hasa, na ningependa kamati nzima isikie.

Sisi watu wa Dodoma tuna historia yetu tunaisahau. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza 1914 Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana, waliokuwa huku Ugogo na Ukaguru, wakawafunga, na hawakutoka mpaka Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 1916. Wazungu wote wamechukuliwa, hela kutoka Uingereza hakuna, barua hakuna. Waliobaki ni walimu wenyeji, na wao wenyewe wakasumbuliwa na kufungwa kwa kushukiwa kwamba ni majasusi wa Waingereza. Alafu ikaja Mtunya, ile njaa ambayo wazee wa Kigogo bado wanaitaja, majeshi yalishachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakosekana, watu wakafa sana. Kanisa halikufa! Lilishikwa na watu ambao hakuna kamati ya mbali iliyowaamulia wakae au waondoke.

Kwa hiyo uamuzi wa kukaa au kutoka Goma ni wa mwinjilisti na mke wake. Ninyi kazi yenu ni kuhakikisha milango yote miwili iko wazi: akikaa hela inaendelea, akitoka nauli ipo na chumba kipo na hakuna atakayemwita mwoga. Mwaka 2015 Warundi walipofurika Kagunga, kile kijiji cha ziwani Kigoma, kipindupindu kikawaingilia, meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwapeleka Kigoma mjini ili wafikishwe kambi ya Nyarugusu, niliongea na mchungaji mmoja pale. Kilichokuwa kinamtafuna sio njaa, ni meseji kutoka kwa wafadhili wake ikimuuliza kwa nini ameacha kondoo. Kondoo wenyewe alikuwa amekaa nao, wako chini wamelalia kanga! Msije mkamtumia mtu meseji ya namna hiyo.

Wapigieni simu pia bila ajenda. Sio kila simu iwe ya ripoti.

SWALI: Shikamoo mchungaji. Kwenye jumuiya yetu tangu yale ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, mpaka intaneti ikazimwa, familia mbili hazisalimiani. Moja ina kijana wake alipigwa risasi Dar akafa, nyingine baba ni kiongozi wa chama mtaani. Mimi kama mzee wa kanisa nisemeje?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Marahaba mzee mwenzangu. Usiseme kwanza. Kule Kenya baraza la makanisa, NCCK, Februari 2008 liliomba radhi hadharani kwa sababu viongozi wa dini walikuwa wameegemea pande kwenye uchaguzi, na wakati huo kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilikuwa limeshachomwa moto na watu wako ndani. Kwa hiyo hakikisha kwenye jumuiya yenu hakuna sare ya chama wala kiongozi anayekaribishwa kutoa nasaha za kisiasa, wa upande wowote ule.

Alafu nenda kwa waliofiwa. Nenda na mkeo tu, msiende na kundi, kaeni mkekani, kijana atajwe kwa jina lake na mama yake aongee mpaka amalize, hata kama ni saa nzima. Usimwambie asamehe, hajakuuliza hilo. Yule baba wa chama mfuate siku nyingine, peke yake, umuulize kama alishaenda kutoa pole. Akisema anaogopa kufukuzwa, mwambie utamsindikiza mpaka mlangoni.