Kauli Maarufu ya Voltaire na Namna ya Kumtafuta Mwenyewe

Kila inapokaribia Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, tarehe 3 Mei, miswada ya hotuba ninayoletewa kuhariri huja na kauli ile ile: “Sikubaliani na unayoyasema, lakini nitaitetea hadi kufa haki yako ya kuyasema.” Chini yake huwa limeandikwa jina la Voltaire, mwandishi na mwanafalsafa Mfaransa, bila kitabu, ukurasa wala mwaka. Huwa namuuliza mwandishi ameisoma wapi. Akijibu kwamba kila mtu anaijua, ndipo kazi inapoanza.

Kwanza, tafuta maneno hayo yalichapishwa lini kwa mara ya kwanza, kisha ulinganishe mwaka huo na uhai wa anayetajwa. Voltaire alifariki mwaka 1778. Ukiingia katika hazina za vitabu vya zamani kama Internet Archive, ukaitafuta sentensi nzima ya Kiingereza huku ukirudi nyuma muongo baada ya muongo, utafika hadi mwaka 1906, kwenye kitabu The Friends of Voltaire cha S. G. Tallentyre, ambayo ni lakabu ya mwandishi Mwingereza Evelyn Beatrice Hall. Pengo la miaka 128 peke yake si ushahidi, maana barua huweza kufichika kabatini karne nzima, ila linatosha kumtia mtu shaka.

Ukishaupata ukurasa, usichukue mstari mmoja ukaondoka nao. Soma yaliyotangulia na yanayofuata. Hall anasimulia masaibu ya mwanafalsafa Mfaransa Helvétius, ambaye kitabu chake De l'esprit cha mwaka 1758 kililaaniwa na kuchomwa moto mjini Paris mwaka uliofuata. Voltaire hakukipenda kitabu hicho, lakini alichukizwa na jinsi mtunzi wake alivyoandamwa. Hall anaitia sentensi ile ndani ya alama za mtajo, kisha anaongeza kwamba huo ndio uliokuwa msimamo wa Voltaire wakati huo. Msomaji mwenye haraka huziona alama, asiyaone maneno hayo ya mwisho, ambayo ndiyo yanayoonyesha kuwa mwandishi anafafanua msimamo wa mtu. Mwaka 1939 Hall mwenyewe alieleza kwa barua kwamba maneno yalikuwa yake na hayakustahili kuwekewa alama hizo. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1943 katika jarida la Modern Language Notes.

Nukuu inayokuja na tarehe kamili ndiyo ya kuhakikiwa zaidi, kwa sababu tarehe humfanya msomaji aone haya kuuliza. Wapo wanaodai kuwa kauli hii imo katika barua ambayo Voltaire alimwandikia mtu aitwaye le Riche tarehe 6 Februari 1770. Barua hiyo ipo katika mikusanyo ya barua zake, na sentensi haimo.

Sishauri kauli yenyewe ifutwe. Ni nzuri, na msimamo inaoueleza hauko mbali na wa Voltaire. Mwandishi mmoja nilimpendekezea aandike, “kama Evelyn Beatrice Hall alivyoueleza msimamo wa Voltaire mwaka 1906.” Alinung'unika kwamba wasikilizaji wake hawamjui Hall, na alisema kweli, kwa hiyo tuliongeza kuwa ndiye aliyeandika pia wasifu wa Voltaire uliotoka mwaka 1903, na hotuba ikaenda kuchapwa.