Saruji isiyolowa haina msemaji: nilivyojifunza kujiandaa kwa tathmini ya mwaka

Desemba yangu ya kwanza ya kufanyiwa tathmini nilikwenda mikono mitupu. Nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Tanga, ghala letu si mbali na bandari, na sikuwa na wasiwasi wowote. Kazi nafanya, sichelewi, siibi. Asubuhi nikala maandazi yangu kwa mbaazi za nazi, nikapanda baiskeli, nikaenda kumsikiliza mzee, yaani bosi wangu, ana lipi la kuniambia.

Mzee alikuwa na karatasi moja tu mezani. Mteja wa Korogwe aliagiza bati za geji 28, sisi tukampelekea geji 30, nyembamba zaidi, naye akaandika malalamiko marefu. Jambo lenyewe lilikuwa la wiki tatu nyuma, na kosa lilikuwa langu, maana mzigo ulitoka kwa saini yangu. Dakika 20 nzima tukazungumza bati. Mwishoni, nadhani kwa kunionea huruma, akaniambia, "Haya mwanangu, nitajie na jingine la mwaka huu." Nikajibu, "Nimejituma, mzee." Akaandika "wastani", tukaagana.

Majibu yalinijia nikiwa Ngamiani, juu ya baiskeli. Masika ya mwaka ule tulihamisha mifuko 600 ya saruji siku ya Jumapili, kwa sababu niliona doa la maji kwenye dari upande wa ukutani. Jumatatu usiku mvua ikashuka na paa likavuja palepale. Ililowa mifuko 4. Halafu Juni, tulipohesabu mali, leja na vilivyomo stoo vililingana, jambo ambalo halijatokea tangu niajiriwe. Yote hayo nilikaa nayo mbele ya mzee nisikumbuke hata moja. Wiki nzima nilimlaumu kwamba yeye anakumbuka mabaya tu. Kisha nikajiuliza: mimi niliyebeba mifuko nimesahau, yeye aliyekuwa ofisini akumbuke kwa lipi?

Ubaya wa kazi ya stoo ni kwamba ikienda vizuri haionekani. Mfuko ukilowa watu wote watakuja kuutazama. Usipolowa hakuna anayekuja. Nasi watu wa pwani tumelelewa kwamba kujisifu ni utovu wa adabu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo bibi yangu alivyokuwa akituambia. Namheshimu bibi, lakini hakuwahi kuwa na bosi. Saruji isiyolowa haijiuzi kokote.

Dawa yangu ilikuwa daftari la kurasa 96. Kila Alhamisi jioni, kabla ya kufunga, naandika mistari mitatu au minne. (Ijumaa niliijaribu ikanishinda. Kwetu hapa watu wakishakwenda msikitini mchana, siku imekatika.) Naandika nilichofanya, kwa kiasi gani, na nani alikuwepo. "Nimepanga stoo vizuri" silitaki hilo. Naandika: "Misumari ya nchi 3 na nchi 4 nimeitenganisha rafu, dereva anapakia kwa dakika 15 badala ya 40, muulize utingo." Kuna wiki sina cha kuandika. Naandika tarehe na kuacha wazi, maana nikianza kutunga, daftari halitanisaidia kitu.

Na makosa nayaandika humohumo. Hili ndilo watu hunibishia, wanasema unajichimbia kaburi. Mwaka wa pili nilikuwa na kosa jingine, rangi makopo 12 yaliyopitwa na muda wake kwa sababu niliweka mapya mbele ya ya zamani. Nilipoingia kwa mzee nikalitaja mwenyewe, mapema, pamoja na nilichobadilisha: sasa kopo linaloingia linapewa tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na la zamani linakaa mbele. Akatikisa kichwa, tukaendelea. Dakika 2. Bati za Korogwe zilikula 20 kwa sababu nilikaa nikisubiri azitaje yeye.

Wiki moja kabla, nakaa na daftari na barua yangu ya ajira, ile inayoeleza majukumu. Nachagua mambo matano, si zaidi, yanayogusa majukumu hayo, nayanakili kwenye karatasi moja safi, nakala mbili. Moja nampa mzee.

Wazo la nakala mbili nilimwibia shemeji yangu, mwalimu wa shule ya serikali. Zamani, kabla hawajahamishiwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji kazi, watumishi wa umma walikuwa wakijaza fomu za tathmini zilizoitwa OPRAS. Alama yao bora ilikuwa 1 na mbaya kabisa 5, kinyume na shuleni, kwa hiyo asiyezoea angeweza kushangilia balaa. Kilichonivutia mimi ni safu zake: alama anazojipa mtumishi, alama anazopewa na msimamizi, na alama walizokubaliana. Ile safu ya tatu ndiyo iliyonifungua macho. Kumbe kikao chenyewe ni mapatano, na anayekuja bila hesabu zake atakubali za mwenzake.

Kuhusu mshahara sina mengi. Kwetu bajeti ya mishahara inapangwa Oktoba. Anayeomba nyongeza Desemba anakwenda stendi ya Kange saa nne kulipandia basi lililoondoka saa kumi na mbili asubuhi. Uliza mapema kwa mhasibu bajeti inapangwa lini, upeleke ombi lako kabla ya hapo, kwa barua. Kwenye tathmini omba kitu ambacho bosi wako ana uwezo nacho. Mimi niliomba kufundishwa kuendesha foklifti, nikafundishwa.

Kama umepewa alama usiyokubaliana nayo, usigome kutia saini wala usipandishe sauti, hasa mbele ya mtu wa umri wa baba yako. Omba kwa adabu uandike maoni yako chini ya fomu, ndipo usaini, na uombe nakala. Na ukiambiwa utendaji wako ni duni, uliza upande upi, na umepewa muda gani wa kurekebisha. Hapo hujawa mkaidi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni zake za 2007, mwajiri hatakiwi kumfukuza mtu kwa utendaji mbovu kabla ya kumweleza mapungufu, kumwelekeza, na kumpa nafasi ya kujirekebisha. Wengi wetu tunaijua sheria hiyo tukiwa tumeshafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tumechelewa.

Siku yenyewe ikifika, zima simu, msalimie mzee shikamoo yake iliyonyooka, umwache aanze yeye. Ukitoka, usiende kwanza kuwasimulia wenzako kwenye kahawa. Kaa mahali, andika alichoahidi na tarehe aliyoitaja, maana ahadi zinasahaulika kuliko hata saruji. Mwaka jana mzee aliniahidi taa kwenye mlango wa nyuma wa ghala ifikapo tarehe 20 Januari. Iliwekwa Machi. Zote mbili nimeziandika, ahadi na taa.