Mistari miwili chini ya jina

Swali: Nimemaliza kusoma *Buddenbrooks* ya Thomas Mann kwa tafsiri ya Kiingereza. Tony nimempenda mno, na pale mtoto Hanno anapochora mistari katika kitabu cha ukoo nililia. Ila mwanzo ulinichosha: watu wanakula tu! Akina Johann walinichanganya, na kila mhusika akitokea anarudia maneno yaleyale. Tena Hanno anakufa kama vile nasoma kijikaratasi cha zahanati. Nimeshindwa kusoma mimi, au mwandishi alizembea?
— Msomaji, Tanga

Jibu: Tuanze na hicho chakula. Sehemu ya kwanza, sura zote kumi, ni karamu moja ya Oktoba 1835 mjini Lübeck, Ujerumani: ukoo wa wafanyabiashara wa nafaka umehamia nyumba mpya. Rudi pale wageni wanapomtaja Ratenkamp, mwenye nyumba wa zamani aliyefilisika. Wanamsikitikia huku wakitafuna chini ya dari lililokuwa lake. Baada ya zaidi ya miaka thelathini nyumba hiyohiyo inauzwa tena, safari hii kwa akina Hagenström, wapinzani wao. Ukiiruka karamu, mauzo hayo yatakupita kama habari ya dalali.

Majina yana dawa nyepesi. Chukua karatasi, uigawe mistari minne: Johann mkubwa, mwanawe Johann aitwaye Jean, watoto wa Jean, yaani Thomas, Christian, Tony na Clara, kisha Hanno wa Thomas. Pembeni mwa kila jina andika fedha iliyoingia au kutoka kwa ajili yake. Hapo ndipo kitabu kinafunguka. Tony anaolewa na Grünlich kwa mahari ya marki 80,000 (kwa desturi yao hutoka kwa baba wa binti, usichanganye na yetu), na baba anakubali baada ya kuonyeshwa hesabu za kughushi. Miaka minne tu, mume kafilisika. Halafu Thomas ananunua mavuno ya Pöppenrade yakiwa bado shambani, kwa nusu bei. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua biashara hiyo kwa jina la butura. Mvua ya mawe inayapiga, na telegramu inafika tarehe 7 Julai 1868, katikati ya sherehe ya miaka 100 ya kampuni. Ubaya wake si hasara peke yake. Wosia wa mwanzilishi ulisema wafanye mchana biashara zitakazowaacha walale usiku.

Kuhusu marudio, hapo hatukubaliani nawe. Ni vibwagizo, na kama katika wimbo, kibwagizo hubadilika maana kila beti inapoongezeka. Tony husifia asali ya masega kwamba ni kitu cha asili, mtu anajua anachomeza. Tafuta aliyeyasema kwanza: ni Morten, mwanafunzi wa udaktari aliyempenda kule Travemünde na akakatazwa kuolewa naye. Miaka na miaka, ndoa mbili zimevunjika, bado anazungumza kwa kinywa cha Morten bila kumtaja. Kwa Klothilde, ndugu maskini asiyeshiba, tunakuachia ushindi. Yeye ni mhusika bapa, yaani asiyebadilika, na mzaha wake unachakaa mapema.

Kifo cha Hanno kisome tena polepole. Sura ile inaeleza mwenendo wa homa ya matumbo, na jina la Hanno halimo hata mara moja. Inasema tu kwamba mgonjwa husikia sauti ya uhai ikimwita, na hupona kama akigeuka kuifuata. Sasa kumbuka ile mistari miwili aliyochora chini ya jina lake. Baba alipomkaripia, alijibu kwamba alidhani hakuna kitakachofuata tena.

Sura inayotangulia hiyo, siku nzima ya shuleni somo kwa somo, ni ndefu kupita haja yake. Kama uliipitia haraka, hukukosea.

Swali: Nianze na tafsiri ipi ya Kiingereza?
— Msomaji, Nakuru

Jibu: Ya John E. Woods, ya 1993. Ile ya H. T. Lowe-Porter ya 1924 bado inauzwa, lakini Kiingereza chake kimezeeka. Angalia jina la mfasiri kabla ya kulipa, kwa sababu majalada hufanana.